Uchovu wa Mgonjwa Mzee Usipewe Jina la Uzee

Agosti 2015, Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, alitangaza kwamba saratani ya ngozi aina ya melanoma imemfika kwenye ini na ubongo. Alikuwa na miaka 90. Alipasuliwa ini, akapigwa mionzi ya ubongo, akatundikiwa dripu ya pembrolizumabu, dawa ambayo haikuwa imetimiza mwaka tangu iruhusiwe Marekani. Desemba, vipimo havikuona tena saratani. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 100.

Wengi hawapati matokeo kama hayo. Hata hivyo kisa chake kinatosha kumzuia daktari asimnyime mtu tiba kwa kutazama mwaka wa kuzaliwa peke yake.

Dawa hii haiui saratani moja kwa moja. Seli za kinga zina breki inayozizuia zisiushambulie mwili wenyewe, na saratani huikanyaga breki hiyo ili isiguswe. Dawa huiachia. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa kinga iliyoachiwa huweza kugeukia utumbo, mapafu, ini, tezi ya shingo, na mara chache moyo.

Tafiti nyingi hazikuona wazee wakipata madhara makali kuliko vijana kwa tofauti kubwa. Kinachotofautiana ni gharama yake mwilini. Kuhara kwa siku mbili humchosha kijana. Mzee anayemeza dawa za presha huishiwa maji, figo zikalegea, akasimama usiku na kuanguka. Hata prednisoloni inayotuliza kinga hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na huweza kumchanganya akili.

Linalonisumbua zaidi ni dalili zinazopuuzwa nyumbani. Tezi ya shingo ikidhoofu, mgonjwa huchoka, huhisi baridi, hukosa choo, husahau. Wanawe husema, “Baba amezeeka.” Kumbe kipimo cha damu kingeonyesha tatizo, na kidonge cha homoni kila siku kingemrudishia nguvu.

Kwa hiyo kabla ya dripu ya kwanza mzee apimwe mwendo, kumbukumbu, lishe na dawa zote anazotumia, aulizwe pia ni jambo gani hataki kulipoteza: kwenda ibadani, kulima, kujiogesha. Akianza kuhara, kukohoa upya au kuhema, kliniki ipigiwe simu siku hiyohiyo, hata kama dripu ya mwisho aliipata miezi kadhaa iliyopita.