Mkubwa wa Mwaka Mmoja: Kazi ya Washauri Rika Mabwenini

Kila mwaka chuo kinapofunguliwa, Mlimani hujaa vijana wenye mabegi, magodoro na ndoo. Wengi wao wametoka kidato cha sita katika shule za bweni. Kule kengele iliwaamsha, kiranja aliwahesabu, na patroni au matroni alijua nani hajala na nani anaumwa. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuna kengele hiyo. Mwanafunzi akikosa kipindi hakuna wa kumuuliza, na akijifungia chumbani siku tatu, huenda mtu asijue. Hosteli za Magufuli peke yake, zilizofunguliwa mwaka 2017, zina nafasi za wanafunzi 3,840. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, hata iwe na watumishi wenye moyo kiasi gani, haiwezi kubisha hodi kwenye kila mlango.

Pengo hilo ndilo linaloweza kuzibwa na mshauri rika. Huyu ni mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu anayeishi bweni lilelile, aliyepewa mafunzo na kukabidhiwa kundi dogo la wageni, tuseme wanane hadi kumi, awe karibu nao mwaka wao wa kwanza wote. Vyuo kadhaa vya Afrika Kusini, Stellenbosch kikiwa kimojawapo, vimeingiza utaratibu huu katika maisha ya kawaida ya mabweni. Kwetu bado mara nyingi unaachiwa bahati: ukimpata mwenzako mwema wa chumbani umepona, usipompata utajua mwenyewe.

Haja yenyewe si ya kubuni. Mwaka 2018, watafiti wa mradi wa Shirika la Afya Duniani walichapisha matokeo ya wanafunzi 13,984 wa mwaka wa kwanza katika vyuo 19 vya nchi nane, Afrika Kusini ikiwa ndani. Asilimia 35 walionyesha dalili za kuwahi kupata angalau tatizo moja la afya ya akili, kama vile sonona, hofu iliyopitiliza au utegemezi wa kilevi. Hakuna chuo chenye wanasihi wa kumhudumia mwanafunzi mmoja kati ya kila watatu.

Lakini wengi wanaoyumba mwaka wa kwanza hawaumwi. Wamepotea tu. Mwanasosholojia wa Marekani Vincent Tinto alieleza tangu mwaka 1975 kwamba mwanafunzi hubaki chuoni pale anaposhikamana na mambo mawili: masomo yenyewe, na watu wa mahali hapo. Uzi mmoja ukikatika, wa pili unaweza kumshikilia kwa muda. Zote mbili zikikatika, huanza kufikiria kurudi nyumbani, hata kama ana uwezo mkubwa darasani.

Kwa nini basi asaidiwe na mwanafunzi mwenzake na si mhadhiri? Jibu moja linatoka katika jaribio la Gregory Walton na Geoffrey Cohen, lililochapishwa katika jarida la Science mwaka 2011. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisomeshwa maelezo ya waliowatangulia, waliokiri kwamba nao walipofika walijiona wageni wasiostahili kuwapo pale, na kwamba hali hiyo ilipita. Zoezi lilichukua kama saa moja. Kwa wanafunzi Weusi, waliokuwa wachache chuoni hapo, alama zilipanda kiasi cha kupunguza kwa nusu tofauti kati yao na wenzao Wazungu katika miaka mitatu iliyofuata. Maneno “hata mimi ilinikuta, na nimevuka” yana nguvu yanapotoka kwa mtu aliyevuka juzi. Profesa akiyasema, kijana husikia hadithi ya zamani. Akiyasema mtu wa chumba cha tatu aliyepata sapu, yaani mtihani wa marudio, mwaka jana na sasa anaendelea vizuri, huo ni ushahidi.

Jibu la pili ni kwamba wanafunzi huathiriana tu, chuo kipende kisipende. Mwanauchumi Bruce Sacerdote alionyesha mwaka 2001, kwa kutumia wanafunzi wa Dartmouth waliopangiwa vyumba bila kuchaguana, kwamba mwenza wa chumbani aligusa alama za mwenzake na hata uamuzi wake wa kujiunga na vyama vya kijamii vya wanafunzi. Kazi iliyobaki kwa chuo ni kuhakikisha kwamba miongoni mwa wanaoathiri wenzao wamo waliofundishwa.

Kazi yenyewe huanza na mambo madogo. Wiki ya kwanza ni usajili: fomu ipi inapelekwa wapi, malipo yanathibitishwaje, ukumbi wa kipindi cha saa moja asubuhi uko upande gani, zahanati ya chuo inataka kitambulisho gani. Mtu anaweza kuyadharau maswali haya, lakini kijana aliyekosea kusajili somo na kugundua wiki ya kumi ameshaumia.

Kisha bumu linaingia. Posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, iliyopandishwa miaka ya karibuni kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa kawaida hutolewa kwa mkupuo wa siku 60. Kwa hiyo kijana ambaye hajawahi kushika laki moja anajikuta na laki sita. Hapa mshauri rika huketi naye na karatasi. Akinunua simu ya 250,000 wiki hiyohiyo, zinabaki 350,000 za siku zote 60, yaani kama 5,800 kwa siku. Ndani ya hizo kuna chakula, sabuni, nauli, kifurushi cha intaneti na kutoa kopi. Hesabu ikishaandikwa, mshauri hana haja ya kuhubiri. Mwenye pesa ataamua mwenyewe, ila ataamua akiwa ameiona siku ya 40 kabla haijamfikia.

Wiki ya sita hadi ya nane huja majaribio ya kwanza. Mlimani, kazi za muhula huchukua alama 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo anayesubiri “kukaza” mwishoni anaingia chumba cha mtihani akiwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya alama. Mshauri rika hafundishi somo. Anamwunganisha mwenye shida na kikundi cha kujisomea, anamwonyesha saa za mhadhiri za kupokea wanafunzi, na ikibidi anamsindikiza hadi mlangoni mara ya kwanza.

Stadi inayohitaji kufundishwa hasa ni kuuliza. Ukimwuliza kijana “vipi?” atakujibu “poa”, na mazungumzo yamekwisha. Mshauri aliyefunzwa huuliza jambo lenye jibu: leo umekula wapi? Somo lipi hulielewi kabisa? Nyumbani mliongea lini mara ya mwisho? Aliyekuwa “poa” sekunde chache zilizopita anaweza kusema hajala tangu jana, au kwamba hajaongea na mama yake kwa sababu anaona aibu kumweleza kuhusu alama zake. Baada ya hapo mshauri hunyamaza na kusikiliza. Vijana wengi wanaopenda kusaidia huharibu hapo, kwa kukimbilia kutoa ushauri kabla mwenzao hajamaliza sentensi.

Kusikiliza kuna mpaka wake, na mpaka huo lazima uandikwe. Siri ya mwenzako ni siri, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini. Anayetaja kujiua hapewi ahadi ya kufichiwa. Usiku huohuo anapelekwa kwa mnasihi, zahanati au ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Aliyetakwa rushwa ya ngono anaelezwa kwamba hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na anaonyeshwa njia ya kufika dawati la jinsia au TAKUKURU. Mshauri rika hachunguzi wala hahukumu. Vilevile hakopeshi wala kukopa kwa anaowalea, haanzishi nao mapenzi, na hawafanyi kuwa wapiga kura wake uchaguzi wa serikali ya wanafunzi unapofika.

Tena asigeuzwe polisi. Katika vyuo vingi vya Marekani, msimamizi mwanafunzi wa bweni hupewa chumba bure ili afanye kazi mbili kwa pamoja: kuwafariji wenzake na kuripoti wanaovunja kanuni. Kazi hizo huvutana. Huku kwetu mvutano ungekuwa mkali zaidi kwa sababu ya kubebana, yaani mwenye kitanda kumlaza mwenzake aliyekosa chumba, jambo ambalo kanuni za mabweni hazilitambui. Anayebebwa ndiye mwenye shida kuliko wote: hana rasmi pa kulala, na jina lake halimo kwenye orodha ya bweni. Akijua mshauri rika hupeleka majina, hatamfungulia mlango kamwe.

Je, vijana wa miaka 20 wanaweza kubeba dhamana hii? Ushahidi wa karibu uko Kenya. Taasisi ya Shamiri, iliyoasisiwa na Tom Osborn na wenzake, iliwafundisha vijana waliomaliza sekondari kwa takriban saa kumi, kisha ikawapa vikundi vya wanafunzi wa sekondari wenye dalili za sonona na hofu. Mikutano ilikuwa minne, ya saa moja moja. Matokeo ya wanafunzi 413, yaliyochapishwa mwaka 2021 katika JAMA Psychiatry, yalionyesha dalili zilipungua zaidi kwao kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma, na tofauti ilionekana bado miezi saba baadaye. Jambo la kuzingatia ni kwamba vijana hao hawakuachwa peke yao. Walikuwa na mwongozo ulioandikwa na wasimamizi wa kuwarudia, pamoja na njia ya kumfikisha yeyote aliyezidiwa kwa mtaalamu.

Usimamizi huo ndio hukatwa kwanza fedha zinapopungua. Washauri hupewa fulana na semina ya siku moja, kisha husahauliwa hadi msimu mwingine. Mtu anayesikiliza matatizo ya wenzake wiki baada ya wiki, huku naye ana majaribio yake, anahitaji kukutana na mnasihi angalau mara moja kwa wiki mbili, la sivyo atachoka au ataanza kuwakwepa.

Chuo kinachotaka kuanza hakihitaji jengo jipya. Usaili ufanyike mwishoni mwa muhula wa pili, kabla wanafunzi hawajatawanyika kwa mafunzo ya vitendo, na usiangalie ufaulu peke yake, maana aliyeteleza na kuinuka ana mengi ya kumwambia mwenzake. Mafunzo yafanyike wiki moja kabla ya kufungua, na kila mshauri apewe orodha ya wageni wake mapema, awapigie simu wakiwa bado nyumbani. Kundi la waliopanga mitaani, kuanzia Changanyikeni hadi Sinza, nalo lipate washauri wake. Mwisho wa mwaka wahesabiwe waliobaki chuoni, waliopata sapu na waliofikishwa kwa wanasihi kwa wakati, walinganishwe na mwaka uliotangulia, na hesabu hiyo ipelekwe mezani kwa wanaopanga bajeti.