Bunduki ya Baba Mkwe

Kwenye grupu la ukoo bado nasemwa kwamba nimemshitaki marehemu. Baba mkwe alikuwa mkulima huko Norfolk, na tulipokuwa tunaondoa vitu vyake baada ya mazishi, mume wangu akakuta darini bunduki ya mitutu miwili, imeviringishwa gunia nyuma ya tangi la maji. Cheti hakuna. Mjomba akatuma sauti kutoka Muheza: "Mwanangu, si mngeipaka mafuta mkaiweka tu? Hiyo ni kumbukumbu ya mzee." Basi ngoja nieleze, maana bunduki kaiona mume wangu lakini ninayesemwa ni mimi.

Waingereza hawa wanaotudai risiti hata ya kurudisha soksi dukani, silaha zao walikuwa wanazipatia leseni posta. Sheria ya 1870 ilisema hivyo: unakwenda dirishani, palepale pa stempu, unalipa shilingi 10, unapewa karatasi yako. Ukiwa huitoi nje ya nyumba na ua wako, hata karatasi hiyo hukuihitaji. Mwaka 1920 wakabana bastola na raifo, lakini bunduki za marisau, zile za wakulima na za mabwana wa kuwinda ndege, wakaziacha. Ni mwaka 1968 ndipo cheti cha polisi kilipoanza kudaiwa, na hata hapo kilimhusu mtu, si bunduki. Mwenye cheti angeweza kuwa na moja au kumi, karatasi isizitaje. Hadi mtu alipoua watu 16 mjini Hungerford mwaka 1987 ndipo ikatungwa sheria ya kuziorodhesha moja moja. Sasa mzee aliyenunua yake ujanani, akaitupa darini akaisahau, utamlaumu nini? Kwetu gobore la babu linajulikana mpaka kwa mjumbe.

Lakini leo kosa ni kuwa nayo tu. "Sikujua inahitaji cheti" si utetezi. Mwaka 2009 mwanajeshi wa zamani huko Surrey alisema ameokota bustanini kwake bunduki iliyokatwa mtutu, akaibeba mwenyewe hadi kituoni. Akakamatwa hukohuko kituoni na mahakama ikamtia hatiani. Ashukuru alipewa kifungo cha nje. Kwa hiyo sisi hatukuibeba kwenda popote. Tulipiga 101, namba ya polisi ya mambo yasiyo ya dharura, wakaja kuichukua wenyewe.

Njia nyingine zipo. Polisi wanaweza kumpa msimamizi wa mirathi kibali cha muda, au bunduki ikahifadhiwa na muuzaji wa silaha aliyesajiliwa wakati mrithi anaomba cheti. Za kale kabisa, zinazowekwa kama pambo, zina msamaha wao, ila yetu ilikuwa ya risasi za kawaida zinazouzwa mpaka leo.

Mume wangu alitaka kuomba cheti. Akaelezwa: taarifa kutoka kwa daktari wake, polisi kuja kukagua nyumba, kabati la chuma lililofungwa ukutani. Na ufunguo, asiye na cheti asijue ulipo, hata kama ni mke wa ndoa. Mimi! Ninayejua namba ya siri ya simu yake na ya benki! Nikasema ichukuliwe.

Watoto ndio hawajapoa. Wa kiume alimuuliza askari kama babu alikuwa jambazi, askari wa watu akabaki anakohoa. Jumatatu kalitangaza darasani kwamba polisi wamechukua bunduki nyumbani kwetu, kakakatia hapohapo, babu hakumtaja. Nikaitwa shule, nikaketishwa kwenye kiti cha watoto, naulizwa kwa sauti ya upole kama nyumbani kuna amani. Dada yake, ambaye kila kitu kwake ni kesi, anadai nilipaswa kwenda na mwanasheria. Nao wameshagombana tena: mdogo kaficha rimoti ya televisheni, na dada akimwuliza iko wapi anajibiwa kwamba hana cheti.