Mwenye Kuteka Maji Aulizwe

Je, kisima cha kijiji chaweza kumtegemea yule aketiye katika kiti cha mkuu? Huko Uhindi neno hili limepimwa.

Tangu mwaka wa 1993 katiba ya nchi ile yaagiza kwamba katika mabaraza ya vijiji angalau theluthi moja ya viti, pamoja na theluthi moja ya vyeo vya mkuu wa baraza, viwe vya wanawake. Wengi walidhani mama atakuwa mkuu kwa jina tu, na mumewe ndiye atakayeamua.

Mwaka wa 2004 wataalamu wawili, Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo, walitangaza waliyoyaona. Mahali palipokuwa na mkuu mwanamke, fedha za baraza zilitumika zaidi kwa maji ya kunywa. Maana akina mama, ambao ndio watekaji, ndio waliozidi kuyalilia. Katika West Bengal walidai barabara pia, kwa kuwa walipata kazi ya kuzijenga; nazo zikatengenezwa.

Utafiti mwingine wa mwaka wa 2012 katika West Bengal ulionyesha kwamba, baada ya vipindi viwili vya wakuu wanawake, wasichana walikuwa wamewafikia wavulana katika masomo.

Sisi twajifunza hivi: kutawala vema ni kumsikia aujuaye mzigo. Basi, enyi akina baba, baraza likutanapo kwenu, nani huulizwa habari za maji: ayatekaye, au ayanywaye tu?