Daktari amekuambia utembee: je, mtaa wako una pa kutembelea?

Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu akifika zahanati, pamoja na vidonge huambiwa atembee. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani angalau nusu saa kwa siku tano. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Hiyo ni dawa isiyouzwa dukani. Lakini mama wa nyumbani ana haki ya kuuliza: nitembee wapi? Barabarani kuna bodaboda, kiwanja kimegeuka jalala, na kichochoroni kuna vibaka.

Eneo la wazi lisilo na msimamizi haliishii kuwa chafu tu, bali huleta maradhi. Makopo na matairi hutuama maji, na humo huzaliana mbu waenezao homa ya dengue. Watu wakijisaidia vichakani, viluwiluwi vya minyoo ya safura hubaki udongoni na kupenya ngozi ya mtoto apitaye peku. Ndiyo maana dini yetu ikakataza kujisaidia njiani na penye kivuli cha watu, na ikahesabu kuondoa udhia njiani kuwa sehemu ya imani.

Sasa nani asimamie? Tuchukue mfano wa jirani zetu wa Nairobi.

Msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji hilo, una zaidi ya hekta 1,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi ili wajenge. Profesa Wangari Maathai na wenzake walisimama kidete, na Januari 1999 walishambuliwa walipokwenda kupanda miti. Msitu ukaokoka, lakini hata hivyo watu waliendelea kuuogopa kwa sababu ya majambazi. Hapa kuna somo: kuikomboa ardhi ni jambo moja, na kuifanya salama kwa mguu wa mama na mtoto ni jambo jingine.

Jambo hilo la pili lilihitaji watu wa mahali penyewe. Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kuunda jumuiya na kushiriki kuendesha msitu wa serikali, na sheria mpya ya mwaka 2016 ikaendeleza utaratibu huo. Wakazi wa Karura wakaunda jumuiya iitwayo Friends of Karura Forest, ikafanya kazi bega kwa bega na shirika la serikali la misitu, KFS. Uzio ukajengwa, askari wakawekwa, na njia za miguu na baiskeli zikatengenezwa, ambazo leo zinapita kilomita 50. Wageni hulipa ada mlangoni. Tangu Juni 2020 ni marufuku kuingia na chupa za plastiki za kutumia mara moja, kama ilivyo katika misitu na hifadhi zote za Kenya. Mahali palipoogopwa sasa familia nzima huenda kutembea.

Zingatia, ndugu msomaji: jumuiya haikupewa msitu uwe mali yake. Msitu ni wa umma. Sisi tunaojua wakfu hatupati tabu kulielewa hili, kwani mali ya wakfu haiuzwi, wala msimamizi wake hairithishi. Kazi yake ni kuitunza na kutoa hesabu.

Na hesabu ndipo penye mtihani. Agosti 2025 KFS ilitangaza kwamba ada za Karura zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen. Jumuiya ikapinga, ikahoji fedha za askari na za kutunza njia zitapatikanaje, na shauri likafika mahakamani. Kwa hiyo kuwa na kamati peke yake hakutoshi. Ni lazima iandikwe mapema nani anapokea fedha, nani anazitumia, na nani anazikagua.

Huenda mtaa wako hauna msitu, lakini una kiwanja, ufukwe au njia ya kwenda shule. Katika mkutano ujao wa mtaa, uliza haya:

1. Je, eneo hili limepimwa, na mipaka yake inajulikana?
2. Ni nani hasa wanaolisimamia, na wanakutana lini?
3. Je, akina mama, wazee na walemavu wamo katika kamati? Wao ndio wa kwanza kujua njia isiyopitika.
4. Taka zinaondolewa siku gani, na choo kiko wapi?
5. Mapato na matumizi yanasomwa mbele ya nani?

Usipopata majibu, usinung'unike barazani tu. Omba kamati iundwe, kisha kubali kuitumikia.

Wakati huo huo anza kutembea, hata kama ni kuzunguka uwanja wa msikiti au wa shule. Nenda kwa mwendo wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunikwa, akague nyayo zake kila jioni, na kama anatumia insulini achukue kitu kitamu mfukoni. Ukisikia kifua kinabana, simama mara moja na uende hospitali.

Kidonge utameza peke yako, ndugu msomaji, lakini njia salama ya kutembea hutunzwa na mtaa mzima. Wabillahi tawfiq.