Dagaa, sangara na nishati inayopotea njiani

Usiku wa giza taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa juu ya Ziwa Victoria. Mwanga huwavuta dagaa hadi juu, wakasombwa na nyavu. Chakula chao ni vijidudu vidogo vya majini, navyo vijidudu hivyo hula vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutumia mwanga wa jua kujitengenezea sukari. Dagaa naye huliwa na sangara.

Nishati hupanda ngazi hiyo ikipungua vibaya. Mmarekani Raymond Lindeman aliipima katika ziwa dogo la Cedar Bog, jimboni Minnesota. Makala yake ilitoka mwaka 1942, mwenyewe akiwa ameshafariki. Leo wataalamu hukadiria kuwa ni kama asilimia 10 tu inayovuka kutoka ngazi moja hadi nyingine, ingawa kiwango hubadilika kwa viumbe na mahali. Kwa hesabu hiyo, vijimea vyenye kilokalori 1,000 huwapa vijidudu 100, dagaa 10, na sangara 1.

Kilokalori zilizobaki zimekwenda wapi? Dagaa ameogelea, amepumua, amewakimbia maadui, na nishati hiyo imegeuka joto lililopotelea majini. Nyingine imo kwenye kinyesi na mizoga, ambako bakteria huimalizia. Fosforasi ya mzoga itarudi majini na kurutubisha vijimea vipya. Joto halirudi, ndiyo maana ziwa haliwezi kuishi bila jua la kila siku.

Hapa ndipo ninapoumia nikiona magunia ya dagaa yakienda kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Kuku huchoma sehemu kubwa ya anachokula ili mwili wake ubaki kwenye nyuzijoto kama 41, kwa hiyo nyama na mayai tunayopata yana nishati ndogo kuliko chakula alichopewa. Dagaa akiingia sufuriani moja kwa moja, mlaji humpata mzima, na mifupa yake yenye kalisi ambayo mtoto anaihitaji.

Wengi huwakwepa dagaa kwa sababu ya mchanga, na malalamiko yao ni ya haki: dagaa walioanikwa chini ufukweni husaga meno. Walioanikwa kwenye vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa hupitiwa na hewa juu na chini, hukauka upesi, na hufika sokoni wakiwa safi.