Horohoro ya Berlin

Lango la Brandenburg nililibeba mfukoni miezi miwili kabla sijaliona kwa macho. Limechorwa kwenye sarafu za Ujerumani za senti 10, 20 na 50, na mwanafunzi anayeishi kwa posho huzijua sarafu hizo kuliko anavyozijua noti. Nilizitoa kununulia mkate, nikazitoa kulipia choo cha stesheni (naam, huko hata haja ndogo ina nauli yake), wala sikuwahi kujiuliza zile nguzo ni za jengo gani.

Aliyenigutusha ni binamu. Ninamwita binamu kwa sababu sijui nimwiteje vinginevyo. Tulikutana kwenye foleni ya chakula chuoni, yeye akiongea na simu, nami nikadhani masikio yananicheza shere. Kidigo! Tena Kidigo cha kwetu, katikati ya sahani za viazi vya kuchemsha. Mimi natokea Mkinga, mkoani Tanga, yeye ni wa Msambweni, Kwale, upande wa Kenya. Ukiondoa muda unaoupoteza mpakani Horohoro na Lunga Lunga, safari ya kutoka kwao hadi kwetu haimalizi nusu siku. Sisi tulihitaji ndege mbili na theluji ndipo tujuane.

Basi Jumamosi moja ya mwezi Novemba tukatoka watu wanne: mimi, binamu, binti wa Kikameruni tunayesoma naye darasa la Kijerumani, na mwenzake wa chumbani, Mvietinamu mpole ambaye akicheka huziba mdomo kwa mkono. Tulishuka chini ya ardhi kwenye stesheni yenye jina la lango lenyewe, tukapanda ngazi, na hilo hapo.

Nitasema kweli: nilitarajia kitu kikubwa zaidi. Lina kimo cha mita 26, na majengo yanayouzunguka uwanja ule hayaliachi litambe. Lakini ukilikaribia, nguzo zake 12 zinaanza kukupunguza. Mchora ramani wake, Carl Gotthard Langhans, aliiga malango ya kale ya Athens, na kazi ikakamilika mwaka 1791. Zipo njia tano za kupita, na ile ya kati ilikuwa ya familia ya mfalme. Siku hizi kila mtu anajazana hapo hapo katikati, kila mmoja na simu yake juu.

Juu kabisa farasi wanne wanakokota gari la mungu wa kike wa ushindi, kazi ya mchongaji Johann Gottfried Schadow. Farasi hao wamesafiri. Napoleon alipoiteka Berlin mwaka 1806 aliwateremsha, akawapeleka Paris kama nyara. Aliposhindwa, mwaka 1814, Waprusi wakawafuata na kuwarudisha nyumbani kwa shangwe. Vita Kuu ya Pili ikawavunjavunja, kwa hiyo wale tunaowapiga picha leo ni nakala ya miaka ya 1950. Nilikuwa nimeyasoma haya usiku wa jana yake ili nionekane mjuzi, nikawamwagia wenzangu yote kwa mkupuo.

Mkameruni akanisikiliza hadi mwisho.

“Kwa hiyo wao walisubiri miaka minane tu?”

Nilimwelewa. Kiti cha enzi cha Mfalme Njoya wa Bamum, kwao Kameruni, kilichotiwa shanga kuanzia miguuni hadi juu, kipo Berlin tangu 1908. Vitabu husema kilikuja kama zawadi kwa Kaisari, na neno hilo “zawadi” humfanya abetue midomo. Nikamwambia ajipange nyuma yangu. Katika jiji hilo hilo, kwenye jumba la makumbusho ya viumbe, amesimama dinosaria, mjusi wetu wa Tendaguru, Lindi, aliyefukuliwa kati ya 1909 na 1913, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13. Binamu akasema yeye hana anachodai ila chakula cha mchana.

Mwenye shughuli ya kweli siku ile alikuwa Mvietinamu. Mjomba wake alifanya kazi kiwandani Berlin Mashariki miaka ya 1980, mmoja wa maelfu ya Wavietinamu walioletwa kwa mkataba wa serikali mbili za kijamaa. Nyumbani kwao ipo picha: mjomba kavaa koti kubwa kupita mwili wake, na kwa mbali nyuma yake, ng'ambo ya kizuizi, lango. Hakuwahi kulifikia. Tangu Agosti 1961 lilikuwa limebanwa ndani ya ukanda wa mpaka, ukuta upande wa magharibi, vizuizi na walinzi mashariki, wala si Mberlin wa huku wala wa kule aliyeweza kulipita. Likafunguliwa tarehe 22 Desemba 1989.

Tulimtafutia Mvietinamu ile pembe ya picha ya mjomba. Akapiga moja hapo. Kisha akatembea polepole, akapita katikati ya nguzo, akageuka, akapiga nyingine kutoka magharibi. Akazituma zote mbili pale pale. Hakusema neno, nasi tukajifanya tunatazama farasi.

Hatua chache mbele, safu mbili za mawe zimepachikwa barabarani kuonyesha ukuta ulipopita. Binamu akaruka upande wa pili, akatanua miguu, akakunja uso kiofisa.

“Simama hapo! Pasi iko wapi? Kadi ya homa ya manjano?”

“Afande, naenda msibani tu, narudi jioni.”

“Na hicho kiroba?”

“Nazi, afande. Za shangazi.”

Tulicheka hadi mzee mmoja wa Kijerumani akasimama kutuuliza tunacheza mchezo gani. Tukamweleza: kwetu pia upo mpaka unaokata watu wa lugha moja. Akatikisa kichwa kwa huruma, akauliza ukuta wetu ulianguka lini. Binamu akamjibu kwamba kwetu hakuna ukuta, kuna foleni.

Jua la Novemba huko huzama saa kumi jioni, kwa hiyo tuliharakisha kwenda Wilhelmstraße, kama mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Unapita ubalozi wa Uingereza na vizuizi vyake, kisha yanaanza maghorofa ya kawaida ya kuishi watu, baiskeli zimefungwa nje, mapazia dirishani. Hapo ndipo lilipokuwa jumba la Bismarck, kansela wa Ujerumani. Jumba halipo tena. Kumebaki bango la kumbukumbu linaloeleza kuwa hapa, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa 14 yalikutana kuijadili Afrika. Mwafrika hata mmoja hakuwamo, na Sultani Barghash wa Unguja, mwenye pwani yake, hakualikwa.

Shuleni tulifundishwa kwamba walichukua rula wakatukata hapo mezani. Sivyo hasa. Mkutano uliweka kanuni za kunyang'anyana, na makato yenyewe yakaja baadaye, wawili wawili. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27 Februari 1885, Kaisari alitia saini hati ya kuilinda kampuni ya Mjerumani Carl Peters na mikataba yake ya Usagara. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza wakapatana: mstari uanzie mdomo wa mto Umba, upande kaskazini magharibi, uzunguke Kilimanjaro, ufike Ziwa Viktoria. Wadigo walikuwa pande zote mbili za mto huo, na wapo mpaka leo.

Tulisoma bango kwa tochi za simu. Baridi ilikuwa imetuingia. Ndipo mama akapiga.

“Umelipa shilingi ngapi kupita hilo lango?”

“Bure, mama.”

“Na pasi?”

“Hawakuuliza.”

“Lango gani hilo,” akasema. Kisha akataka kujua nimefuatana na nani. Nikamtajia binamu, wa Msambweni. Wa Msambweni nyumba ya nani? Nikamuuliza binamu, nikampa jibu mama. Kimya kidogo. Bibi yake aliolewa kutoka wapi? Binamu akasema Duga.

“Hebu mpe simu.”

Walizungumza Kidigo mpaka taa za barabarani zikawaka zote. Binamu akiitikia, akiapa, akicheka, akimwita mama yangu shangazi. Sisi watatu tulikanyagakanyaga chini kupata joto, na simu iliporudi mkononi mwangu ilikuwa imebakiwa na chaji ya asilimia tatu.