Chuma Kinacholindwa na Kutu Yake (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita nilieleza kutu ya mabati, inayojulikana kila nyumba hapa Tukuyu kwa mvua zetu hizi. Leo tuingie ndani ya tanuru, ambako chuma huliwa bila tone la maji.

Majani yanayopelekwa viwandani Katumba na Mwakaleli hayawi chai mpaka yakaushwe kwa moto. Katika tanuru la kuni, bomba lenye maji hupozwa na maji hayo. Vyuma vinavyobeba kuni havina wa kuvipoza. Vikishapoa, vigonge kwa nyundo uone magamba meusi yanavyopukutika. Kila gamba lilikuwa chuma. Chuma cha kawaida kikipita nyuzi 570 hivi za Selsiasi, gamba linaloota juu yake huwa na nafasi nyingi ndani, chuma hupenya humo kukutana na oksijeni, na ulaji hauishi.

Dawa ni gamba bora. Aloi yenye kromiamu ya kutosha, kuanzia asilimia 18 hivi, hujivika utando mwembamba ulioshikana, na oksijeni hupenya kwa shida. Ila karibu na nyuzi 1,000 utando huo huanza kupotea kama mvuke. Hapo ndipo oksidi ya alumini inapohitajika. Mafundi hufukia kipande katika unga wa alumini uliochanganywa na chumvi ya amonia, wakakipasha moto kwa saa kadhaa ndani ya sanduku lililofungwa. Chumvi hugeuka gesi, gesi hubeba alumini, alumini huzama ndani ya chuma. Huu si mpako wa rangi, ni ghala. Utando ukibanduka, mwingine huota, mpaka akiba iishe. Mapanga ya injini za ndege, ya aloi ya nikeli, hulindwa kwa njia hiyohiyo.

Sisi tuna adui wa ziada: majivu ya kuni yana potasiamu, nayo huishambulia oksidi ya kromiamu. Tena kiangazi, majani yakipungua, tanuru huwashwa na kuzimwa mara kwa mara. Utando na chuma havisinyai sawasawa, basi kila kuzima huacha nyufa. Kwa maoni yangu uzimaji huo hudhuru kuliko moto wenyewe. Anayenunua vyuma vya tanuru amuulize muuzaji kiasi cha kromiamu na alumini kabla ya kuuliza bei.

(Itaendelea)